Mali kwa Daftari, Nayo Ikapotea

Na Mwalimu Mstaafu



Wahenga walituachia methali isemayo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nani kati yetu aliyekulia jirani na duka la rejareja asiyeijua? Mwenye duka aliandika kila kibaba cha mchele na kila kibiriti alichokikopesha, na jioni, baada ya kufunga milango, alikaa na taa yake akajumlisha. Hesabu ikikataa, aliirudia. Ikikataa tena, alimwita mwanawe anayesoma shule aje amsaidie kutafuta lilipo kosa. Daftari lilikuwa lake, kalamu yake, na kila mstari aliweza kuunyooshea kidole.

Lakini wahenga hawakutuambia afanye nini mtu ambaye daftari analo, amelijaza kwa uaminifu, kisha daftari lenyewe likasimama mahakamani na kumshtaki kwa wizi. Hawakutuambia kwa sababu katika zama zao jambo hilo halikuwezekana. Katika zama zetu limewezekana, tena hapahapa Uingereza, nchi tuliyoambiwa tangu utotoni kuwa ndiyo mama wa haki na utaratibu. Makala haya yanaeleza jinsi lilivyotokea, na kwa nini sisi wageni tuna sababu kubwa zaidi ya wenyeji ya kulizingatia.

DUKA, POSTA NA KOMPYUTA

Wengi wetu tumeingia katika posta ndogo za mitaani, zile zilizomo ndani ya duka la magazeti na peremende. Postamasta wa mahali kama hapo si mwajiriwa wa Posta. Ni mfanyabiashara mdogo aliyetia akiba yake, na mara nyingi nyumba yake pia, katika duka, kisha akapewa mkataba wa kuuza stempu, kupokea vifurushi na kulipa pensheni. Waasia wengi waliotoka Afrika Mashariki, wale waliohama Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960 na wale waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, waliingia katika biashara ya maduka ya namna hii. Kwa hiyo tunapozungumzia mapostamasta hatuzungumzii watu wa mbali. Wengine walizaliwa katika miji tunayoijua na wanakifahamu Kiswahili.

Mwaka 1996 serikali ilianzisha mpango wa kuweka kompyuta katika posta zote, na kazi ikapewa kampuni ya ICL, ambayo baadaye ikawa mali kamili ya Fujitsu ya Japani. Shabaha ya kwanza ilikuwa kulipa posho za serikali kwa kadi maalumu ili kuzuia udanganyifu. Mpango ulichelewa, gharama zikapanda, na mwaka 1999 wizara iliyohusika na posho ikajitoa. Badala ya kusimama na kuuliza kulikuwa na kasoro gani, wakubwa waliamua kuugeuza mtambo huo kuwa wa kutunza hesabu za posta. Ukapewa jina la Horizon, na kuanzia mwaka huohuo wa 1999 ukaanza kusambazwa katika maelfu ya posta nchini.

Ndugu msomaji, hapa ndipo panapopaswa kuanza mashaka yetu. Mtambo uliobuniwa kwa kazi moja, ukakataliwa na mmoja wa walioagiza utengenezwe, ulipelekwa kwenye kazi nyingine kwa sababu fedha nyingi zilikuwa zimekwisha kutumika. Mpishi aliyeharibu pilau huweza kuongeza maji akaiita bokoboko, lakini hapo mlaji hukiona kilichomo katika sahani yake. Mapostamasta hawakuonyeshwa.

HESABU ISIYOKUBALI KUSAHIHISHWA

Mara baada ya mtambo kufungwa, mapostamasta hapa na pale walianza kuona upungufu wasioweza kuueleza. Fedha zilizokuwamo katika sanduku na fedha zilizoonyeshwa na kompyuta hazikulingana. Mkataba, kwa jinsi Posta ilivyoutafsiri, ulimtaka postamasta alipe kila upungufu kutoka mfukoni mwake.

Nitoe mfano mmoja ili tuone kosa lenyewe lilikuwa la namna gani, maana watu wengi husikia neno "hitilafu" wakadhani ni jambo la ajabu lisiloeleweka na mtu wa kawaida. Mwaka 2015, katika posta ya Dalmellington huko Scotland, mhudumu alipokea pauni 8,000 na kuziingiza katika kompyuta. Skrini ikaganda. Akabonyeza tena kitufe cha kuthibitisha, na tena, kama ambavyo yeyote kati yetu angefanya. Kompyuta ikaandika fedha zilezile mara nne, yaani pauni 32,000. Hivyo kwa hesabu ya mashine, pauni 24,000 zilikuwa zimepotea, ingawa hazikuwahi kuwapo duniani. Mtoto wa darasa la nne angeweza kuitegua hesabu hiyo, mradi tu aonyeshwe mistari yote. Baadaye Mahakama Kuu ilithibitisha kwamba kosa la aina hii, pamoja na mengine mengi, lilikuwamo ndani ya mtambo.

Bi Jo Hamilton aliendesha duka na posta katika kijiji cha South Warnborough, Hampshire. Alipoona upungufu wa kiasi cha pauni 2,000 alipiga simu ya msaada. Akafuata maelekezo hatua kwa hatua, na upungufu ukawa maradufu mbele ya macho yake. Hatimaye alidaiwa pauni 36,000. Aliiweka nyumba yake rehani, na wanakijiji wenzake wakamchangia, kama sisi tunavyochangiana katika misiba. Ili aepuke shtaka la wizi alikiri kosa la kughushi hesabu, akahukumiwa mwaka 2008, ilhali hakuwa ameiba hata senti moja.

Bwana Lee Castleton wa Bridlington aliipigia simu ya msaada mara 91 katika majuma machache, akiomba asaidiwe kuutafuta upungufu wa takriban pauni 25,000. Aliposhikilia kwamba hadaiwi, Posta ilimpeleka mahakamani. Alijitetea mwenyewe kwa kuwa hakuwa na fedha za wakili, akashindwa mwaka 2007, akatakiwa kulipa gharama za kesi za takriban pauni 321,000, akafilisika.

Bi Seema Misra wa West Byfleet, Surrey, alihukumiwa kifungo cha miezi 15 mnamo Novemba 2010. Alikuwa mjamzito, na siku aliyopelekwa gerezani mwanawe mkubwa alikuwa akitimiza miaka kumi.

Mapostamasta wengi wameeleza kwamba kila mmoja aliambiwa yeye ndiye peke yake nchi nzima mwenye tatizo hilo. Tulitafakari jambo hili. Mtu akiambiwa yuko peke yake, hutazama chini kwa aibu. Wenye maduka hawakukutana msikitini wala kanisani kulizungumza, kila mmoja alijifungia ndani na hesabu yake. Kati ya mwaka 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walihukumiwa, na takriban 700 kati yao walishtakiwa na Posta yenyewe, kwa kuwa sheria ya nchi hii iliiruhusu kuwa mdai, mpelelezi na mwendesha mashtaka kwa wakati mmoja. Kwetu husemwa kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere; huku nyani aliachiwa aandike na mashtaka.

JIBU BILA NJIA

Kwa miaka mingi nilifundisha hisabati, na wanafunzi wangu walilisikia neno moja kila siku hadi wakanitania kwalo: onyesha njia. Jibu sahihi lisilo na njia lilipata alama moja, wala si tano, kwa sababu mwalimu hawezi kujua kama mwanafunzi amelifikia kwa akili yake, kwa kubahatisha, au kwa kumchungulia mwenzake. Kanuni hii ndogo ya darasani ndiyo iliyokosekana katika mahakama za Uingereza.

Hapo zamani ilikuwapo. Sheria ya Polisi na Ushahidi wa Jinai ya mwaka 1984, katika kifungu chake cha 69, ilitaka yeyote anayeleta ushahidi uliotoka katika kompyuta aonyeshe kwanza kwamba kompyuta hiyo ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Kifungu hicho kiliwaudhi wengi. Kilionekana ni mzigo usio na faida katika ulimwengu uliojaa kompyuta, na mwaka 1999 Bunge likakifuta, ufutaji ukaanza kutumika mwaka 2000. Tangu hapo mahakama za Uingereza na Wales zikachukulia kwamba kompyuta ni nzima mpaka mtu alete dalili za kinyume chake.

Tazama miaka, ndugu msomaji. Mwaka uleule ambao Horizon ilianza kuenezwa ndio mwaka ambao ngao ya raia dhidi ya kompyuta iliondolewa. Sisemi kwamba watu walikula njama. Nasema mambo mawili yaliyofanywa na watu tofauti, kila mmoja akidhani anarahisisha kazi, yalikutana juu ya kichwa cha mwenye duka. Alitakiwa athibitishe kwamba mashine imekosea, na mashine yenyewe ilikuwa mikononi mwa mshtaki wake. Kumbukumbu alizozihitaji zilikuwa za Fujitsu. Zaidi ya hayo, kwa miaka mingi Posta ilikana kwamba wafanyakazi wa Fujitsu waliweza kuingia katika hesabu za posta kutoka mbali na kuzibadilisha. Waliweza, na mahakama ikathibitisha.

Aliyeukata mnyororo huu ni Bwana Alan Bates, postamasta wa Llandudno huko Wales, ambaye mkataba wake ulisitishwa mwaka 2003 kwa sababu alikataa kulipa upungufu ambao hakuonyeshwa njia yake. Mei 2009 jarida la Computer Weekly lilichapisha visa vya mapostamasta saba, na mwaka huohuo Bates akawakusanya wenzake katika chama. Kesi yao ilikuwa na walalamikaji 555. Tarehe 16 Desemba 2019 Jaji Peter Fraser alitoa hukumu iliyoonyesha waziwazi kwamba mtambo ulikuwa na kasoro na kwamba ungeweza kusababisha upungufu. Posta ilikubali kulipa pauni milioni 57.75, lakini baada ya gharama za kesi walalamikaji walibakiwa na milioni 12 hivi wagawane wote. Aprili 2021 Mahakama ya Rufaa ilifuta hukumu za watu 39, wakiwamo Bi Hamilton na Bi Misra.

MWENYE FAIDA NA MWENYE HASARA

Serikali ilikuwa wapi? Posta ni mali ya serikali kwa asilimia 100. Hata hivyo mawaziri wa vyama mbalimbali walisema Posta hujiendesha yenyewe kama kampuni, wala wao hawaingilii. Mwaka 2010 waziri mmoja alimjibu Bates kwa barua kwamba haoni faida ya kukutana naye, ingawa baadaye mwaka huo walikutana. Hapa pana fumbo linalostahili kuchunguzwa. Mali ya umma inapoleta sifa, mawaziri hukata utepe. Inapoleta kilio, huitwa kampuni.

Fujitsu nayo iliendelea kupewa kazi na serikali hata baada ya hukumu ya mwaka 2019. Januari 2024 mkuu wa kampuni hiyo barani Ulaya aliwaambia wabunge kwamba kampuni ina wajibu wa kimaadili wa kuchangia fidia. Wabunge hawakuwa wamezinduka kwa kuisoma hukumu ya mahakama. Walizinduka kwa sababu ya mchezo wa televisheni ulioonyeshwa mwanzoni mwa mwezi huo, uliowafanya mamilioni ya watu wakasirike. Mei 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta hukumu kwa mamia kwa mkupuo mmoja, na Bunge la Scotland likapitisha ya kwake. Nafurahi kwamba haki imepatikana, lakini nasikitika kuona kwamba hukumu yenye mamia ya kurasa za hoja haikuwa na nguvu ya mchezo wa kuigiza wa siku nne.

Kufikia mwaka 2025 fidia iliyolipwa ilikuwa imevuka pauni bilioni 1. Fedha hizo zimetoka katika hazina ya nchi, yaani katika kodi anayokatwa msomaji anayefagia hospitali usiku na anayeendesha basi alfajiri. Na kuna kisichofidika. Ripoti ya kwanza ya Sir Wyn Williams, aliyeongoza uchunguzi wa umma, iliyotolewa Julai 2025, ilieleza kwamba huenda watu wasiopungua 13 walijiua kutokana na mkasa huu.

Kwetu sisi weusi na Waasia kuna aya ya ziada. Mwaka 2023 ilifichuka kwamba wapelelezi wa Posta walikuwa wakitumia fomu iliyowapanga washukiwa kwa rangi, yenye neno la kikoloni la kuwatukana watu wenye asili ya Afrika. Posta iliomba radhi. Nalitaja jambo hili kwa sababu tunaambiwa kwamba mashine haibagui. Huenda ni kweli, lakini karatasi ya mashine humfikia mtu, na mtu huyo ndiye anayeamua amwamini nani kati yake na mwenye duka mwenye lafudhi ya kigeni.

SI POSTA PEKE YAKE

Msomaji anaweza kusema kwamba hii ni ajali moja. Basi tuvuke bahari. Nchini Uholanzi, kwa miaka mingi kabla ya 2019, idara ya kodi iliwatuhumu makumi ya maelfu ya wazazi kwamba wamedanganya ili kupata posho ya malezi ya watoto. Saini iliyosahaulika katika fomu moja ilitosha kumfanya mzazi adaiwe posho yote aliyopokea, pengine makumi ya maelfu ya euro. Kompyuta ya idara ilipanga watu kwa kiwango cha hatari, na miongoni mwa vigezo ulikuwamo uraia: asiye Mholanzi alihesabiwa kuwa hatari zaidi. Familia zilivunjika, na watoto zaidi ya 1,000 wa wazazi walioathirika waliondolewa majumbani mwao. Serikali ya Waziri Mkuu Mark Rutte ilijiuzulu Januari 2021 kwa ajili ya jambo hili.

Huko Australia, kati ya mwaka 2016 na 2019, serikali iliwadai wapokeaji wa posho madeni yaliyokokotolewa na kompyuta. Njia yake ilikuwa hii: ilichukua mapato ya mtu ya mwaka mzima, ikayagawa sawasawa kwa kila majuma mawili, kisha ikadai kwamba alikuwa na kipato hata katika majuma ambayo hakuwa na kazi. Mfano wake ni kama kusema kwamba mvuvi aliyepata samaki 260 katika msimu wa kaskazi alipata samaki kumi kila majuma mawili mwaka mzima, hata katika majuma ambayo chombo kilikuwa pwani kimepinduliwa. Mamia ya maelfu ya watu walidaiwa. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Catherine Holmes ilieleza Julai 2023 kwamba utaratibu huo haukuwa wa haki wala wa kisheria.

Nchi tatu, serikali za vyama mbalimbali, mitambo mitatu isiyofanana. Kinachofanana ni kimoja tu: katika kila nchi mzigo wa uthibitisho ulihamishwa kutoka kwa mwenye nguvu kwenda kwa mnyonge, na kompyuta ikawa kisingizio cha kuuhamisha. Aliyedai hakutakiwa aonyeshe njia. Aliyedaiwa ndiye aliyetakiwa aonyeshe, bila kupewa karatasi.

JE, TUZIKATAE KOMPYUTA?

Sivyo, na asiyefikiri hivyo hakuwahi kusubiri faili lake ofisini kwetu, likatafutwa miezi mitatu mpaka karani "akumbukwe". Kalamu nayo imeiba sana. Anayetuma fedha nyumbani leo, mama yake akazipokea Lindi au Lamu kabla chai haijapoa, hatakubali arudi kwenye kumtafuta msafiri wa kumkabidhi bahasha.

Lakini tuutazame utaratibu wa M-Pesa, ulioanza Kenya mwaka 2007, kwa jicho la mashaka yaleyale. Kwa nini bibi asiyejua kusoma vizuri aliuamini haraka? Sababu moja ni kwamba kila muamala huleta ujumbe katika simu yake mwenyewe, wenye namba ya muamala, kiasi, saa na salio. Mwenye kutuma anao wake, mwenye kupokea anao wake. Daftari limegawanywa. Likitokea gombo, kila upande una kurasa zake. Postamasta wa Horizon hakuwa na kurasa zake. Kwa hiyo swali letu kwa kila mtambo mpya unaoletwa na serikali au kampuni lisiwe kama ni wa kisasa. Liwe hili: nakala yangu iko wapi?

YANAYOTUHUSU SISI

Swali hilo sasa linagonga mlango wetu. Kadi nyingi za ukaazi zilikwisha muda tarehe 31 Desemba 2024, na mahali pake pamechukuliwa na viza ya kielektroniki. Haki yetu ya kufanya kazi, kupanga nyumba na kurudi kutoka safari haimo tena katika kadi tunayoishika. Imo katika kompyuta ya Wizara ya Mambo ya Ndani, nasi hupewa namba ya muda, inayodumu siku 90, ya kumpa mwajiri au mwenye nyumba ili achungulie.

Msomaji asidhani nampiga vita mbu kwa rungu. Mwaka 2018 nchi hii iligundua jinsi ilivyowatendea wazee waliotoka Karibiani kabla ya mwaka 1973, wenye haki kamili ya kuishi hapa. Walipotezwa kazi, wakanyimwa matibabu, wengine wakafukuzwa nchini, kwa sababu hawakuwa na karatasi za kuthibitisha. Na wizara iliyowadai karatasi ndiyo iliyokuwa imeziteketeza kadi zao za kuwasili mwaka 2010. Wakati huo tulisema laiti kila mmoja angekuwa na hati yake mkononi. Leo hati imetolewa mkononi kwa makusudi, na tunaambiwa ni maendeleo.

Kwa kuwa makala ya mashaka yasiyo na la kufanya ni kuwaongezea watu hofu tu, naomba nipendekeze mambo matano.

La kwanza, kila familia ifungue akaunti yake ya viza na kukagua maandishi yote: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti, aina ya kibali na mwisho wake. Majina yetu, yenye jina la baba na la babu, na yenye "bin" na "binti", hupangwa ovyo katika kompyuta za kigeni. Kosa lirekebishwe sasa, si siku ya safari. Ukipata pasipoti mpya, iarifu wizara.

La pili, chapisha ukurasa unaoonyesha hali yako, andika tarehe, uuhifadhi pamoja na barua ya zamani ya kibali na kadi iliyokwisha muda. Kadi iliyokwisha haikufai kwa kazi, bali inaeleza historia yako. Usiitupe.

La tatu, ukidaiwa fedha na ofisi yoyote, iwe ya posho, ya kodi au ya manispaa, usikimbilie kulipa ili upate usingizi, wala usikubali kwa saini deni usilolielewa. Andika barua uombe hesabu yenyewe, mstari kwa mstari. Usiipuuze barua pia, maana muda wa kukata rufaa huwa mfupi. Kila ukipiga simu, andika tarehe, saa na jina la uliyezungumza naye.

La nne, sheria ya kulinda taarifa za watu ya mwaka 2018 inakupa haki ya kuomba nakala ya kila kilichoandikwa juu yako na ofisi au kampuni. Kwa kawaida haina malipo, na wanatakiwa wajibu ndani ya mwezi 1. Hii ndiyo njia yetu ya kuwaambia waonyeshe njia. Ofisi za Citizens Advice husaidia bila malipo, na mbunge wa eneo lako anaweza kuandikiwa na yeyote anayeishi katika jimbo lake, hata kama hana kura.

La tano, na kwangu ndilo kubwa, tusikae kimya. Najua tulivyolelewa. Barua ya serikali ikija, mtu huificha chini ya godoro, mkewe asijue, jirani asisikie, aibu isitoke nje. Mapostamasta walidhani vivyo hivyo, na ukimya wao uliwagharimu miaka. Walipokutana ukumbini na kulinganisha hesabu zao ndipo walipotambua kwamba upungufu wa mtu mmoja ulikuwa upungufu wa wote. Mkutano wetu wa kila mwezi hauko kwa ajili ya harusi na rambirambi peke yake. Mwenye barua aje nayo. Vijana wetu wanaosoma mambo ya kompyuta na sheria katika vyuo wakae meza moja na wazee, wasome pamoja.

Mwaka 2025 serikali ilianza kukusanya maoni kuhusu ile kanuni ya kuiamini kompyuta mahakamani. Ni dalili njema, lakini mwaka 1999 nao walikuwapo watu wenye nia njema. Sheria hulindwa na wanaoikumbuka sababu yake. Mimi ningependa wabunge wakirudishe kifungu kilichofutwa, kwa maneno yanayolingana na zama hizi: mwenye kumshtaki mtu kwa ushahidi wa mashine, yeye ndiye aithibitishe mashine. Wasomaji wanaokubaliana nami wamwandikie mbunge wao barua, hata ya ukurasa mmoja, na wabaki na nakala yake.